Kujijengea amplifaya Dar es Salaam bila kuichemsha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Amplifaya nyingi za kujengwa nyumbani hupiga vizuri Julai, kisha ikifika Januari zinajizima katikati ya wimbo. Saketi ni ileile, kilichobadilika ni hewa. Karatasi za kiwandani huandika uwezo wa chipu kwa nyuzi 25 za sentigredi, na Dar nyuzi 25 ni alfajiri. Hesabu zote hapa chini zinachukulia hewa ya chumbani kuwa nyuzi 33 na hewa ya ndani ya kasha kuwa nyuzi 45.

## Mambo ya mwanzo

1. Sijawahi kujenga amplifaya. Nianze na ipi?

Anza na chipu ya miguu mitano, TDA2030A au LM1875. Miguu yao imepangwa sawa, vipande vya kuzunguka chipu havizidi kumi na tano, na ukikosea umepoteza chipu moja tu. LM1875 inavumilia volti kubwa zaidi, hadi 60 kwa jumla ya pande mbili. TDA2030A mwisho wake ni ±22, yaani volti 22 chanya na 22 hasi. Ile TDA2030 isiyo na A mwisho wake ni ±18, na hapo ndipo wengi wanapochoma chipu ya kwanza (swali la 4).

Ukishazoea, nenda LM3886 ya miguu 11. Hiyo inatosha sebule ya kawaida na bado ina kinga ya joto na ya shoti ndani yake. Amplifaya ya transista tupu za 2SC5200 na 2SA1943 iache iwe ya tatu au ya nne. Transista haina kinga yoyote ndani, na kosa la dakika moja linaunguza mstari mzima pamoja na spika.

2. Bodi imeandikwa wati 200, nami nina adapta ya volti 12. Nitapata wati 200?

Hapana. Wati zinazotoka haziwezi kuzidi zinazoingia. Adapta ya volti 12, ampea 5 inatoa wati 60 kwa jumla, na nyingine zinapotea njiani. Chukua bodi za TPA3116D2 zilizojaa madukani: wati 50 kwa kila upande zinapatikana kwa volti 21 na spika za omu 4, tena sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza. Kwa volti 12 na spika hizohizo utapata kama wati 15 kila upande. Wati 15 za kweli zinajaza chumba vizuri, kwa hiyo usione umedhulumiwa. Jua tu unachonunua.

3. Kwa joto letu, daraja D si bora kuliko AB?

Kwa joto peke yake, ndiyo, na kwa mbali. Amplifaya ya daraja D (inayowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, kama TPA3116D2) hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa sauti inapofanya kazi kwa nguvu. Daraja AB (inayopitisha umeme mfululizo, kama chipu za swali la 1) kwa muziki wa kawaida hupoteza nusu au zaidi kuwa joto. Kama unajenga ya kutumia betri ya sola, ya kibanda cha biashara au ya bajaji, chukua daraja D bila kusita.

AB ina faida nyingine: unaweza kuitengeneza. Chipu ya D ni ndogo kama ukucha na imelehemiwa juu ya uso wa bodi, kwa hiyo ikifa unatupa bodi nzima. Chipu ya AB inatoka kwa dakika kumi. Maswali mengi hapa yanahusu AB kwa sababu ndiyo inayochemka.

## Umeme na transfoma

4. Ninunue transfoma ya ngapi?

Zidisha volti ya upande mmoja kwa 1.41, kisha toa volti 1 au 2 zinazoliwa na dayodi. Hiyo ndiyo volti ya moja kwa moja itakayofika kwenye chipu ikiwa inafanya kazi. Ikiwa haina mzigo itapanda juu zaidi, na umeme wa mtaani ukipanda kutoka 230 hadi 250, ongeza karibu asilimia 9 nyingine.

Transfoma ya 12-0-12 (volti 12 kila upande) inatoa karibu ±16, na hiyo inafaa TDA2030A. Ya 15-0-15 inatoa karibu ±20: TDA2030 tupu imeshapita mwisho wake hapo, na TDA2030A inabaki ukingoni, kwa hiyo kwa transfoma hii weka LM1875. Ya 18-0-18 inatoa karibu ±24, na kwa LM3886 tunaipendekeza hii kuliko zote. Ya 24-0-24 inatoa karibu ±33. LM3886 na TDA7294 zinaistahimili kwa spika za omu 8, lakini joto lake ni la kuhesabu kwanza (swali la 8).

Kwa ukubwa, LM3886 mbili kwenye ±24 na spika za omu 8 zinatosheka na transfoma ya VA 120 (VA ni volti mara ampea). Kwa omu 4, tafuta VA 200.

5. Fyuzi ya ngapi, na ethi ni lazima?

Fyuzi inakaa upande wa umeme wa ukutani, kwenye waya wa moto, kabla ya swichi na transfoma. Transfoma ya VA 120 inavuta karibu nusu ampea kwenye volti 230, kwa hiyo weka fyuzi ya polepole ya ampea 1. Kama transfoma ni ya duara, panda hadi 1.6, kwa sababu aina hiyo inavuta umeme mwingi kwa mkupuo inapowashwa. Usizibe fyuzi iliyokatika kwa uzi wa waya. Fyuzi inakata kwa sababu, na sababu hiyo haijaondoka.

Ethi kwa kasha la chuma ni lazima. Waya wa ethi ufungwe kwenye kasha kwa bolti yake peke yake, na rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae. Nyumba nyingi zina tundu la pini tatu ambalo nyuma halina waya wa ethi. Mwite fundi umeme apime kabla ya kuamini.

6. Kapasita zangu zimevimba kabla ya mwaka. Ni feki?

Inawezekana, lakini angalia kwanza zimekaa wapi. Maisha ya kapasita hupungua kama nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kapasita iliyobanwa ubavuni mwa hitisinki (chuma chenye mapezi kinachotoa joto la chipu) ya nyuzi 70 inaishi kama robo ya ile iliyo sentimita tano mbali, penye nyuzi 50. Nunua zenye maandishi ya 105 °C, acha zile za 85, na uziweke chini, mbali na hitisinki na mbali na resista kubwa.

Volti ya kapasita iwe juu ya volti yako kwa robo au zaidi: kwa ±24 weka ya volti 35. Kwa ukubwa, maikrofaradi 4,700 hadi 10,000 kila upande zinatosha. Sambamba na kila moja weka resista ya kilo-omu 2.2, wati 1, ili zijitoe zenyewe ukizima. Subiri dakika mbili, kisha pima kwa mita kabla ya kuingiza mkono.

## Joto: linatoka wapi, liende wapi

7. Kwa nini inachemka zaidi nikiweka sauti ya katikati kuliko nikiifungua yote?

Umeona sawasawa. Joto ndani ya chipu ya AB ni volti inayobaki juu yake mara umeme unaopita. Sauti ikiwa chini kabisa, umeme ni mdogo. Ikiwa juu kabisa, umeme ni mwingi lakini volti nyingi zimeenda kwenye spika, na zinazobaki kwenye chipu ni chache. Katikati vyote viwili ni vikubwa. Kwa mlio ulio sawa muda wote, joto hufika kileleni amplifaya inapotoa karibu asilimia 40 ya nguvu yake. Hapo ndipo sherehe nyingi zinapokaa.

Aina ya muziki nayo ina uzito. Taarabu ya taratibu ina nafasi kati ya sauti na sauti, na chipu inapumua. Singeli ina mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na imebanwa sauti tangu studio, kwa hiyo chipu haipati pumziko. Anayepigia singeli afanye hesabu ya swali la 8 kama ilivyo, bila kupunguza chochote.

8. Hitisinki iwe kubwa kiasi gani?

Hitisinki hupimwa kwa nyuzi kwa wati, yaani inapanda nyuzi ngapi kwa kila wati moja ya joto. Namba ikiwa ndogo, hitisinki ni bora.

Kwanza tafuta joto la chipu. Chukua volti ya upande mmoja, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 2, gawa kwa 9.87, kisha gawa kwa omu za spika. Kwa ±24 na omu 8: 24 × 24 = 576; mara 2 ni 1,152; gawa kwa 9.87 ni 116.7, gawa kwa 8 ni wati 14.6. Ongeza joto la chipu ikiwa kimya. LM3886 inakula karibu miliampea 50 kwa volti 48, yaani wati 2.4. Jumla ni wati 17.

Halafu amua hitisinki isipite nyuzi 70. Zaidi ya hapo inaunguza mkono, na watoto wapo nyumbani. Kama mapezi yako nje ya kasha, una nyuzi 37 za kutumia, kutoka 33 hadi 70. 37 gawa kwa 17 ni nyuzi 2.2 kwa wati. Kama mapezi yako ndani ya kasha una nyuzi 25 tu, na utahitaji hitisinki ya 1.5. Kutoa mapezi nje kumekuokolea theluthi ya hitisinki bila kuongeza senti, ndiyo maana tunasisitiza mapezi yawe nje.

Chipu mbili kwenye hitisinki moja ni wati 34, kwa hiyo nyuzi 1.1 kwa wati. Hitisinki ya upana wa sentimita 20, kimo 10 na mapezi ya sentimita 4 huwa jirani na hapo. Ipime hata hivyo (swali la 9).

Spika za omu 4 zinabadilisha mambo. Kwa ±24 chipu moja inatoa wati 31.6 za joto na inataka hitisinki ya nyuzi 1.2 peke yake. Kwa ±28 joto linafika wati 42, na hapo shida si hitisinki tena. Kati ya kiini cha chipu na hitisinki kuna kizuizi cha karibu nyuzi 1.5 kwa wati, ukijumlisha mika (kikaratasi kisichopitisha umeme kinachokaa chini ya chipu) na pesti ya joto. Kiini kitakuwa nyuzi 63 juu ya hitisinki, yaani 133, wakati mwisho wake ni 150. Ukiongeza hitisinki unapunguza upande wa nje tu. Kwa omu 4, shusha volti.

9. Nimepata hitisinki kwa wauza skrepa, haina maandishi. Nitajuaje uwezo wake?

Ipashe moto ujue. Tafuta resista mbili za omu 10 zenye ganda la aluminiamu, za wati 50, zile za rangi ya dhahabu. Zifunge kwa bolti katikati ya hitisinki, pesti ya joto chini yake, kisha ziunganishe sambamba ili ziwe omu 5. Ziwashe kwa adapta ya volti 12 inayoweza ampea 3 au zaidi. Pima volti kwenye resista zenyewe, kwa sababu adapta dhaifu hushuka. Zikiwa 12.0 kamili, unapata wati 28.8.

Simamisha hitisinki kama itakavyokaa kwenye kasha, mapezi wima, mbali na feni na dirisha. Andika joto la hewa. Subiri saa nzima, maana hitisinki nzito inapanda polepole, na ukipima baada ya dakika kumi utajidanganya. Kama hewa ni 30 na chuma kimefika 73, tofauti ni 43. Gawa kwa 28.8: nyuzi 1.5 kwa wati. Iandike kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa hitisinki usije ukarudia.

Ukitumia kipimajoto cha mwanga, usielekeze kwenye aluminiamu inayong'aa. Kitakusomea nyuzi 35 wakati chuma kiko 70. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kiache kipate moto, kisha pima juu ya tepu.

10. Naweza kutumia hitisinki ya kompyuta, au aluminiamu ya madirisha?

Ya kompyuta, ndiyo, ikiwa na feni yake. Mapezi yake yamebanana kwa makusudi ili feni ipitishe hewa katikati. Bila feni hewa inakwama na inakuwa mbaya kuliko inavyoonekana.

Aluminiamu ya madirisha ni nyembamba, mara nyingi haifiki milimita 2. Joto linabaki chini ya chipu na halisambai. Kinachofaa kutoka kwa mafundi aluminiamu ni engo nene ya milimita 5 au bapa: chipu inafungwa kwenye engo, engo inafungwa kwenye hitisinki kubwa, na pesti inapakwa kote kuwili.

11. Mapezi yalale au yasimame? Niyapake rangi nyeusi?

Yasimame. Hewa moto inapanda, na mapezi yaliyolala yanaizuia. Rangi nyeusi ya kiwandani, ile iliyoingia ndani ya aluminiamu, inasaidia kidogo. Rangi ya kopo iliyopakwa nene ni blanketi.

## Kufunga chipu kwenye hitisinki

12. Hatua zake ni zipi?

Sehemu hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko nyingine yoyote, na inagharimu nusu saa tu. Toboa tundu, kisha ondoa makali yake kwa kuzungusha toboo kubwa kwa mkono. Ukipitisha kidole usisikie ukingo wowote. Sugua eneo la chipu kwa msasa namba 400, kisha 800, ukiwa umeuweka juu ya kioo ili uso uwe bapa. Futa kwa spiriti.

Paka pesti ya joto upande mmoja wa mika, nyembamba kiasi cha kuona mika kwa ndani. Iweke kwenye hitisinki, paka upande wa pili, kisha weka chipu. Pesti inajaza vishimo visivyoonekana, na ikiwa nene inakuwa kizuizi. Ukikaza bolti, pesti ichuruzike kidogo pembeni. Kama imetoka kama krimu ya keki, umezidisha.

Chipu zenye mgongo wa chuma (TDA2030A, LM1875, LM3886T, TDA7294) mgongo huo umeunganishwa na volti hasi. Mika ni lazima, na kwa miguu ya aina ya TDA2030A weka pia bushi ya plastiki kwenye bolti. LM3886TF mgongo wake ni wa plastiki, haihitaji mika, ila inapitisha joto kwa shida zaidi. 2SC5200 tundu lake limezungukwa na plastiki, kwa hiyo mika inatosha bila bushi.

Mwisho, kabla ya kuwasha, weka mita kwenye omu na upime kati ya mgongo wa chipu na hitisinki. Isisome chochote. Ikilia, kuna unyuzi wa aluminiamu umetoboa mika. Fungua, safisha, anza upya.

13. Pesti imeisha. Dawa ya meno au grisi ya gari vinafaa?

Dawa ya meno inafanya kazi siku mbili tatu, kisha maji yake yanakauka na kubaki chokaa. Grisi ya gari inayeyuka na kutiririka. Subiri upate pesti. Tyubu ndogo inatosha chipu kumi na zaidi.

14. Bolti moja inatosha, au nitumie bapa la kubana?

Kwa chipu moja au mbili, bolti inatosha. Kwa safu ya transista, bapa la chuma linalobana katikati ya kila ganda ni bora, kwa sababu bolti ya juu huinua kidogo sehemu ya chini, na kiini chenye moto kiko katikati. Kaza kwa zamu, pande zote, kama nati za gurudumu.

## Kasha na feni

15. Nitumie feni?

Kama hitisinki inatosha kwa hesabu ya swali la 8, hapana. Feni inaleta vumbi, na ikifa siku moja chipu inabaki na hitisinki ndogo isiyoiweza. Kama nafasi ni finyu au amplifaya ni ya shughuli za mtaani, weka. Feni ya volti 12 ya sentimita 8 ikipewa volti 7 inazunguka kimyakimya na bado inaleta tofauti kubwa. Ilishe kwa adapta ndogo ya peke yake, isichukue umeme wa chipu, la sivyo mlio wake utausikia kwenye spika.

Swichi ya joto KSD301 ya nyuzi 60, ile inayojifunga ikipata moto, inafungwa kwenye hitisinki na kuwasha feni inapohitajika tu. Kuna aina mbili zinazofanana sura. Ipime kwa mita ikiwa baridi: unayoitaka haipitishi umeme.

16. Matundu niweke wapi, na mende nitawazuiaje?

Toboa chini na juu, chini ya hitisinki na juu yake, ili hewa ipite wima. Matundu ya ubavuni peke yake hayavuti hewa. Kasha lisimame juu ya miguu ya sentimita 2 angalau, kwa sababu likikaa moja kwa moja kwenye zulia matundu ya chini yamekufa.

Wavu wa mbu wa chuma kwa ndani unazuia mende, mjusi na sisimizi. Mjusi akilala kati ya waya wa moto na kasha ni shoti. Wavu huo hujaa vumbi, kwa hiyo upige brashi kila baada ya miezi mitatu.

Na kitambaa cha kufuma kinachotandikwa juu ya redio sebuleni kiende kwenye meza. Juu ya amplifaya kinaziba njia yote ya hewa, na zile nyuzi 45 za ndani ya kasha tulizichukulia bila kitambaa.

## Kuwasha mara ya kwanza

17. Nawashaje bila kuchoma kitu?

Tumia taa ya mfululizo. Chukua globu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60, uiunganishe kwenye waya wa moto kabla ya amplifaya. Ya LED haifai kwa kazi hii. Usifunge spika. Ukiwasha, globu itawaka sana kwa sekunde moja au mbili kapasita zikijaa, kisha ififie karibu kuzima. Ikibaki inawaka, kuna shoti: zima, tafuta. Bila globu, shoti hiyohiyo ingekuwa moshi.

Globu ikififia, pima volti ya moja kwa moja kwenye njia ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Zaidi ya 100, kuna kosa. Ukikuta volti nyingi, mathalani 24, usifunge spika kabisa: volti 24 kwenye omu 8 ni wati 72 za joto tupu ndani ya koili. Ndiyo maana bodi ya kinga ya spika yenye chipu uPC1237 ni bei ndogo kuliko spika yoyote.

18. Amplifaya ya transista: baiasi niiweke ngapi?

Baiasi ni umeme mdogo unaopita kwenye transista hata bila muziki. Pima milivolti kwenye resista ya emita. Kwa ya omu 0.22, milivolti 11 ni miliampea 50, na milivolti 22 ni 100. Kwa Dar anza na 50. Kwa ±35, kila jozi kwenye miliampea 100 inatoa wati 7 za joto ikiwa kimya. Jozi nne ni wati 28 kabla hujapiga wimbo hata mmoja.

Weka ikiwa baridi, acha dakika 20 iwe ya moto, rekebisha tena. Transista ikipata joto, volti ya mguu wake wa besi hupungua karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi, kwa hiyo inapitisha umeme zaidi, inapata joto zaidi, na mduara huo unaishia kwenye moshi. Anayeuvunja ni transista ndogo ya baiasi, BD139 mara nyingi, ambayo lazima ifungwe kwenye hitisinki ileile. Ukiiacha imesimama kwenye bodi, hewani, haijui kinachotokea kwa wenzake.

## Ikisumbua

19. Inapiga saa moja kisha inajizima, ikipoa inarudi.

Hiyo ni kinga ya chipu, na imekuokoa. Pima hitisinki. Ikiwa ya moto sana, ni ndogo au haipati hewa (maswali ya 8 na 16). Ikiwa ya vuguvugu na chipu inajizima, joto halifiki kwenye hitisinki: fungua, angalia mika na pesti (swali la 12). Kugusa hitisinki kunakupa nusu ya jibu kabla hujashika bisibisi.

20. Inachemka hata bila muziki.

Kwa chipu, mara nyingi inatetema kwa masafa ya juu usiyoyasikia. LM3886 hutulia ikiwa imepewa ukuzaji wa mara 10 au zaidi, kwa hiyo kagua resista mbili za kurudisha sauti. Kagua pia kapasita za maikrofaradi 0.1 karibu kabisa na miguu ya umeme, na resista na kapasita za kutuliza kwenye njia ya spika. Kwa transista, kagua baiasi (swali la 18).

21. Upande mmoja ni wa moto kuliko mwingine.

Badilisha spika kwanza. Joto likihama, spika au waya wake una kasoro. Lisipohama, fungua chipu ya upande huo uangalie pesti.

22. Nitajuaje 2SC5200 ni feki?

Bei ikiwa ya kushangaza, tayari una jibu. Nunua moja ya ziada uivunje kwa koleo: feki ina kipande kidogo sana cha silikoni ndani ya ganda kubwa. Na hata ya kweli, wati 150 zake ni kwa ganda la nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi inapunguza wati 1.2. Ganda likiwa nyuzi 85 zimebaki 78.

23. Nifunge spika nne za omu 8 upande mmoja?

Zote sambamba ni omu 2, na joto ni mara nne ya spika moja. Zifunge mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili sambamba: unarudi omu 8.

24. Tunaishi Kigamboni karibu na bahari, miguu ya chipu inaota ukijani.

Ni chumvi na unyevu. Lehemu ikishapoa, safisha masalia kwa spiriti, kisha pulizia vanishi ya bodi, ukiwa umeziba kwa tepu sehemu ya chipu inayogusa hitisinki. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Amplifaya inayowashwa kila siku inadumu kuliko inayokaa kabatini, kwa kuwa joto lake lenyewe linafukuza unyevu.

25. Yangu inakaa nje kwenye kigodoro (sherehe ya mtaani), mchana kutwa juani. Hesabu zinabadilika?

Zinabadilika sana. Kasha jeusi kwenye jua la Februari linafika nyuzi 60 kabla hujalichomeka. Ukitaka hitisinki isipite 70, zimebaki nyuzi 10, na hakuna hitisinki ya kubebeka inayotosha hapo. Liweke chini ya turubai lenye hewa pande zote, lipake kasha rangi nyeupe, weka feni mbili zinazovuta hewa nje, na shusha volti: ukitoka ±33 kwenda ±24 joto linapungua karibu nusu, na masikio yatasikia tofauti ya kama desibeli 3 tu.